Upande Mzima Ndio Kitabu

Katika malalamiko yote yanayofikishwa kwenye kibanda cha fundi wa redio, lenye heri kuliko yote ni hili: upande mmoja unaimba, mwingine umenyamaza. Chombo kilichokufa kabisa hakimwambii fundi lolote. Huenda ni fyuzi, huenda ni transfoma, huenda ni radi ya juzi iliyopita kwenye nyaya za stima, na fundi hana budi kuanza upya kabisa, akipapasa. Lakini wufa inayoimba kulia na kunong'ona kushoto imekuja na nusu ya jibu lake. Ndani ya sanduku lilelile mna njia mbili zilizojengwa kwa vipande vya aina moja na thamani moja, na kiwanda kimoja, siku moja. Moja imeugua, nyingine ni nzima. Anayejua kuisoma ile nzima hahitaji kitabu kingine.

Ufundi huo nimeutazama kwa muda mrefu Wamagana, na naona haujasifiwa inavyostahili. Wamagana ndiyo makao ya utawala ya Tetu, mji mdogo wa Kaunti ya Nyeri ulioegemea miteremko ya Nyandarua, katikati ya majani chai na kahawa. Vyombo vya sauti huko vina majira yake. Mwezi wa Oktoba, bonasi ya majani chai inapoingia kwenye akaunti za wakulima, wufa mpya hupanda matatu kutoka Nyeri mjini zikiwa bado ndani ya katoni. Za zamani hazitupwi. Hupewa kijana wa nyumba, naye huziunganisha na kompyuta. Kisha huja baridi ya Julai, ukungu usioondoka hadi saa tano, na unyevu unaotambaa ndani ya kila soketi na kuota kutu ya kijani kwenye shaba. Hapo ndipo wufa huanza kuegemea upande mmoja.

Wenye wufa hizo hawana ramani ya saketi, na fundi hana pia. Watengenezaji wa vyombo vya bei ya chini hawachapishi ramani, na mara nyingi jina lililobandikwa usoni si la aliyeunda bodi iliyo ndani. Aliyesomea umeme katika Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, kilichozaliwa kwa harambee kama taasisi ya teknolojia mwaka 1972 na kupata hadhi ya chuo kikuu kamili 2012, hatakuwa na ramani hiyo, sawa tu na aliyejifunzia kibandani kwa mjomba wake. Wote wawili watalazimika kufanya jambo lilelile: kuweka mita kwenye upande mzima, kusoma, kisha kuihamisha hadi mahali palepale upande mgonjwa na kusoma tena. Namba zinapoachana, ndipo penye ugonjwa.

Lakini mita huja baadaye. Kwanza ni mazungumzo.

"Fundi, hii wufa imekataa upande mmoja."

"Upande gani, shosho?"

"Ule wa dirishani."

Mwanafunzi angecheka. Fundi hacheki, kwa sababu spika ya dirishani ndiyo inayopigwa na jua mchana na manyunyu usiku, na ndiyo ambayo waya wake hubanwa dirisha likifungwa. Ameshapata pa kushuku. Hata hivyo haendi moja kwa moja kwenye spika hiyo, na hapa ndipo mtu wa kazi anapotofautiana na mtu wa kubahatisha. Anachomoa waya za spika mbili ndogo na kuzibadilishana: ya kushoto kwenye tundu la kulia, ya kulia kwenye tundu la kushoto. Anawasha. Kama ukimya umehamia spika ya pili, basi spika zote ni nzima na ugonjwa uko nyuma yake, ndani ya sanduku au kabla ya sanduku. Kama ukimya umebaki kwa spika ileile, sanduku limeachiwa huru, na kilichobaki ni spika na waya wake. Hajafungua skrubu hata moja, na nusu ya njia imeshatolewa kwenye kesi.

Anarudisha waya mahali pake. Hilo la kurudisha ni muhimu kuliko linavyoonekana, maana anayebadilisha vitu viwili kwa pamoja hajui tena ni kipi kilichomjibu. Kisha anapanda hatua moja: anabadilishana pini nyekundu na nyeupe nyuma ya sanduku, nyekundu ikiwa ya kulia kwa desturi na nyeupe ya kushoto. Kisha anaitoa kompyuta kabisa na kuweka simu yake mahali pake. Kila mabadilishano hukata njia vipande viwili na kutupa kimoja. Baada ya matatu au manne, ile safari ndefu kutoka kwenye faili la wimbo hadi kwenye sikio imebaki kipande cha urefu wa kidole. Vijana wanaoanza kazi hii huona uvivu kuufuata utaratibu huu. Chuma cha kulehemu kinapata moto kabla hawajauliza swali lolote, na wao huishia kulehemu viungo vizima.

Yapo maswali mawili ambayo wateja huyaona ya kipuuzi. La kwanza ni kuhusu wimbo: umejaribu wimbo mwingine? Kuna rekodi zilizozaliwa zikiwa zimeegemea. Katika toleo la stereo la albamu ya kwanza ya Beatles, la mwaka 1963, vyombo viko kushoto na waimbaji kulia, kwa sababu studio ilirekodi kwa njia mbili tu ili baadaye zichanganywe kuwa moja. Mtu akiisikiliza kwa hedifoni bila kujua, atadhani kifaa chake kimeharibika. Ndiyo sababu kipimo kizuri zaidi si wimbo mpya wenye mbwembwe bali wa zamani uliorekodiwa kwa mono, yaani sauti moja iliyogawiwa pande zote mbili sawasawa. Milima hii imejaa nyimbo hizo. Joseph Kamaru wa Kangema, Murang'a, aliyefariki mwaka 2018, aliimba na dada yake Catherine Muthoni kwenye santuri ndogo za miaka ya sitini, na leo mjukuu wake mwenye jina lilelile, msanii wa sauti anayejulikana kama KMRU, amezirudisha nyingi za nyimbo za babu yake kwa njia ya dijitali. Weka rekodi ya mono ya enzi hiyo kwenye hedifoni nzima: mwimbaji atasimama katikati kabisa ya kichwa chako, kana kwamba anaimbia nyuma ya paji la uso. Akisogea hata kidogo kushoto au kulia, kuna jambo.

Swali la pili ni kuhusu sikio. Vua hedifoni uzigeuze, ya kushoto ivaliwe kulia. Kama upande dhaifu umehamia sikio la pili, kasoro ni ya hedifoni au ya kilicho nyuma yake. Kama udhaifu umebaki kwenye sikio lilelile, hakuna cha kulehemu. Mara nyingi ni nta tu. Lakini sikio moja kupoteza usikivu ghafla, ndani ya saa chache au siku mbili tatu, ni jambo la dharura. Madaktari hutaka kumwona mtu huyo mapema iwezekanavyo, kwa kuwa tiba yake hupoteza nguvu kadiri siku zinavyopita. Fundi anayempeleka mteja wa namna hiyo Hospitali ya Rufaa ya Nyeri badala ya kumuuzia hedifoni mpya amepoteza mauzo ya siku na ameifanya kazi yake kikamilifu.

Sikio lenyewe ni mizani kali mno, na ndiyo maana kasoro ndogo hukera hivi. Lord Rayleigh, mwanafizikia wa Uingereza, alieleza mwaka 1907 kwamba tunajua sauti inatoka wapi kwa njia mbili: tofauti ya nguvu kati ya masikio, na tofauti ya wakati. Sauti inayotoka kulia kabisa hulifikia sikio la kushoto ikiwa imechelewa chini ya elfu moja ya sekunde, na ubongo huipima tofauti hiyo bila kutuambia. Kwenye hedifoni, tofauti ya desibeli moja au mbili tu inatosha kumsogeza mwimbaji pembeni. Ikifika kama 15, amehamia upande mmoja kabisa. Mtu anayesema "sijui ni nini, lakini kuna kitu hakijakaa sawa" ana haki ya kuaminiwa. Nimewaona mafundi wakimpuuza mteja wa aina hiyo, na karibu kila mara mteja ndiye aliyekuwa sahihi.

Aliyetupa mizani hii ya pande mbili kwenye mashine alikuwa Mwingereza pia, Alan Blumlein, mhandisi wa EMI. Inasimuliwa kwamba alikwenda sinema na mkewe akakerwa na jinsi mwigizaji anavyotembea kutoka upande mmoja wa pazia hadi mwingine huku sauti yake ikibaki palepale. Mwezi Desemba 1931 aliandikisha hataza iliyobeba karibu kila wazo la stereo tunalolitumia hadi leo, na mwaka 1934 akairekodi okestra ya London Philharmonic kwa njia hiyo kwenye studio za Abbey Road. Hakuishi kuona santuri za stereo zikiuzwa madukani mwaka 1958; alikufa Juni 1942 katika ajali ya ndege iliyokuwa ikijaribu rada ya kivita. Alichotuachia kinadai jambo moja gumu: njia mbili zinazofanana kila hatua. Zikitofautiana, picha yote huinama. Kwa msikilizaji sharti hilo ni mzigo. Kwa fundi ni zawadi, maana limemlazimisha kila mtengenezaji kumwekea mgonjwa pacha wake ndani ya sanduku.

Turudi kwenye pini, maana huko ndiko magonjwa mengi yanakoishi. Pini ya milimita 3.5 ina ncha, pete na shina. Ncha hubeba kushoto, pete hubeba kulia, na shina ni njia ya kurudi ya pande zote mbili, ile ambayo mafundi huiita eathi. Zenye maikrofoni zina pete ya ziada. Hesabu mistari myeusi ya plastiki: mmoja ni mono, miwili ni stereo, mitatu ni stereo yenye maikrofoni. Ukichomeka pini ya mono kwenye soketi ya stereo, shina lake refu huigusa sehemu ya pete na kuuzika upande wa kulia kwenye eathi; kushoto kutaimba, kulia kutakuwa kimya, na hakuna kilichoharibika isipokuwa uchaguzi wa pini. Pini isiyozama hadi mwisho huleta vitimbi hivyohivyo. Simu iliyokaa mfukoni mwa koti la kuchumia majani chai hukusanya nyuzi na vumbi chini ya tundu, zikagandamizwa na pini yenyewe kila siku hadi zikawa ngumu. Fundi huzima simu, huchukua kijiti cha mti cha kuchokolea meno, na kutoa kitambaa kizima kilichoshonwa na mfuko.

Lakini ugonjwa wa pini ninaoupenda kuliko yote ni ule wa mwimbaji anayetoweka. Mteja huingia amekasirika: gita linasikika, waitikiaji wanasikika kwa mbali kama walio kisimani, lakini mwenye wimbo hayupo. Anasema simu imegeuza nyimbo zote kuwa karaoke. Fundi anayejua hajachukua hata kifaa mkononi. Anajua kwamba eathi imekatika. Shina likipoteza mguso, umeme unaotoka kushoto hauna njia ya kurudi, basi hurudi kwa kupitia spika ya kulia. Kinachosikika sasa si kushoto wala kulia bali tofauti kati yake. Kila kilichokuwa sawa pande zote mbili hujifuta, na kilicho sawa pande zote mbili, katika karibu kila wimbo uliorekodiwa kwa stereo, ni mwimbaji mkuu, gita la besi na ngoma kubwa. Wanabaki wa pembeni tu. Hata hedifoni nzima huweza kufanya hivyo: kwa muda kulikuwa na mipangilio miwili ya pini za mistari mitatu, OMTP na CTIA, inayobadilishana nafasi ya eathi na ya maikrofoni, na ukichomeka ya mpangilio mmoja kwenye simu ya mpangilio mwingine, mwimbaji huondoka vilevile. Kuijua kasoro kwa kusikiliza kisicholia ni kilele cha kazi hii.

Waya nao hukatika karibu kila mara pahali pawili: shingoni mwa pini, na pale unapoingia kwenye kikombe cha sikio. Fundi huupinda taratibu, sentimita kwa sentimita, huku wimbo ukicheza, hadi upande uliolala ushtuke. Akishaukata, huzikuta nyuzi nyembamba zilizopakwa rangi, kwa kawaida nyekundu ya kulia, kijani au buluu ya kushoto, na za rangi ya shaba za eathi. Rangi hiyo ni vanishi inayozuia umeme. Asiyejua hulehemu juu yake, kiungo kikang'aa vizuri na kisipitishe kitu. Anayejua huichoma kwanza kwa tone la lehemu lenye moto hadi moshi wake ukome, na lehemu ikaikumbatia shaba.

Kompyuta zenyewe nitazipitia haraka, si kwa sababu hazina makosa bali kwa sababu makosa yake hayahitaji mikono. Ndani ya Windows kuna mizani ya kushoto na kulia iliyofichwa kwenye mipangilio ya sauti, na mtoto huweza kuivuta bila mtu kujua. Kwenye Linux, programu ya alsamixer huongeza upande wa kushoto peke yake ukibonyeza Q, na wa kulia ukibonyeza E. Kidole kikiteleza, umepinda. Simu nazo zina mizani hiyo kwenye mipangilio ya usaidizi kwa wenye ulemavu. Tazama huko kabla hujabeba chombo kwenda popote. Na kama laptopu ya mitumba imechoka soketi, kadi ndogo ya sauti ya kuchomeka kwenye tundu la USB, inayouzwa kila mahali Luthuli Avenue jijini Nairobi, hutoa hukumu papo hapo: ikiimba sawasawa pande zote, ugonjwa ni wa soketi au kadi ya ndani, na pengine hiyo kadi ndogo ndiyo tiba yenyewe.

Sasa tufungue sanduku. Ya kwanza kuangaliwa ni potensiomita ya volyumu, kile kidude cha kuzungusha. Ndani yake mna njia mbili za kaboni na vidole viwili vinavyozunguka kwa mhimili mmoja. Hakuna kiwanda kinachoweza kuzifanya njia hizo zifanane hadi mwisho, na tofauti huonekana zaidi chini kabisa, sauti inapokuwa ndogo. Basi jaribio lake ni rahisi: kama wufa imeegemea usiku watoto wamelala, na mchana ikipandishwa inakaa sawa, hakuna kilichokufa. Pandisha volyumu ya wufa hadi katikati, ushushe ya kompyuta. Kama kuna mkwaruzo unapozungusha, ni uchafu au kaboni iliyolika; spiriti safi na kuzungusha mara nyingi huleta nafuu, ingawa kaboni iliyolika haioti tena, na anayekuuzia nafuu hiyo kama uponyaji anakudanganya.

Baada ya hapo ni soketi na viungo vyake. Kila pini inapochomekwa na kuvutwa, miguu ya soketi hutikisika kwenye bodi, na baada ya muda lehemu hupasuka kwa duara jembamba kuuzunguka mguu, duara linaloonekana kwa kioo cha kukuza na mwanga wa kiubavu. Fundi hugonga bodi polepole kwa mpini wa plastiki wa bisibisi. Sauti ikija na kuondoka kila anapogonga, amefika.

Kisha kuna kapasita, na hapa hesabu ndogo inafaa. Katika amplifaya nyingi za umeme wa volti 12, kila upande huipeleka sauti kwenye spika kupitia kapasita moja kubwa, mathalani ya maikrofaradi 1000. Kwa spika ya ohmu 4, kapasita hiyo huanza kuidhoofisha sauti chini ya hezi 40 hivi, yaani kwenye kina kabisa cha besi, na sikio halilalamiki. Ikikauka kwa joto na umri hadi ibaki na maikrofaradi 10, mpaka huo hupanda hadi hezi 4000. Besi imekwenda, sauti ya mtu imekwenda, kilichobaki ni mchakacho wa matoazi. Upande huo haujafa. Unasema, lakini kama bati. Mteja atasema upande mmoja ni "mdogo", na fundi atalinganisha: anaigusisha kapasita nzima ya thamani hiyohiyo juu ya iliyoshukiwa, mguu kwa mguu, na besi inarudi chumbani kabla hajatoa ile mbovu.

Na kama kapasita ni nzima, kinabaki kidole. Naam, kidole. Mwili wa mtu hunasa mtetemo wa hezi 50 wa stima iliyo ukutani, na fundi akiigusa kwa ncha ya bisibisi, kidole kikiwa kwenye chuma chake, njia ya kuingilia ya upande mzima, spika hunguruma. Anagusa palepale upande mgonjwa. Ukinguruma nao, kila kitu kuanzia hapo hadi spika ni kizima, na anarudi nyuma. Usipolia, anasonga mbele kuelekea ile aisii ya amplifaya, labda TDA2030 yenye miguu mitano, kila upande na yake. Jambo hili hufanywa kwenye upande wa umeme mdogo tu. Upande wa transfoma una volti 240, na kapasita kubwa za kuchuja hubaki na chaji hata baada ya plagi kuchomolewa. Mafundi wazuri hufanya kazi hiyo mkono mmoja ukiwa mfukoni, na ukiwauliza kwa nini, watakwambia umeme hauna mjomba.

Kuna kasoro moja ya pande mbili ambayo mizani haiioni. Spika zote zinaimba kwa nguvu sawa, lakini muziki hauna mahali. Besi imekonda, na mwimbaji yuko kila pembe ya chumba na hayupo popote. Waya za spika moja zimeunganishwa kinyume: moja inasukuma hewa huku nyingine ikivuta. Betri kavu ya volti 1.5 huonyesha ukweli. Iguse kwenye waya za kila spika kwa mpangilio uleule: koni zote mbili lazima ziruke upande mmoja. Mara nyingi aliyezifunga ni mwenye nyumba, Jumapili, akisaidiwa na shemeji.

Siku hizi wapo vijana wa Nyeri wanaokula kwa masikio yao. Wanapokea kwa intaneti rekodi za mahojiano na kuzigeuza kuwa maandishi, na rekodi hizo mara nyingi huwa na muulizaji upande mmoja na mjibu upande wa pili. Hedifoni ikipoteza upande, kijana hasikii muziki uliopungua. Anasikia maswali yasiyo na majibu, na malipo ya usiku huo yanamponyoka. Kwake nasema: katika mipangilio ya Windows, na ya simu pia, kuna swichi ya sauti ya mono inayounganisha pande zote mbili. Iwashe, umalize kazi, kisha asubuhi nenda kwa fundi. Ila usiisahau imewashwa, maana itamficha fundi ugonjwa.

Limebaki suala la pesa, na hapa sina upole. Mtu huleta wufa, fundi anatumia saa nzima akibadilisha waya, akisikiliza, akipinda, akigonga, akipima, halafu anaweka tone moja la lehemu lisilofika ukubwa wa punje ya mtama. Mteja hulitazama tone hilo na kusema, "Kwani umefanya nini hapo? Si umegusa tu?" Kisha hutoa nusu ya bei. Hulipi tone. Unalipa kujua tone liwekwe wapi, na pengine unalipa vile viungo vizima ambavyo hakuvigusa. Anayebadilisha bodi nzima kwa kubahatisha hulipwa vizuri zaidi kwa sababu mteja anaona kitu kipya kinang'aa, na hiyo ni dhuluma tunayoifanya sisi wenyewe, wenye vyombo, wala si soko. Ukipeleka chombo kwa fundi wa Wamagana au kwingineko, patana naye bei mbili tangu mwanzo: ya kutafuta na ya kutengeneza, na ile ya kutafuta uilipe hata kama kilichopatikana ni mizani iliyovutwa na mtoto. Na ubebe kila kitu, waya zote, spika zote mbili na hedifoni unayoitumia. Usimpelekee ule upande uliokufa peke yake.